Stakabadhi haikai ghalani: Kasoro za lugha katika hati za mali

KUNA maneno mawili ambayo kila nikiyasoma hunikwaza: ‘stakabadhi ghalani’. Watanzania ndio waliotuzalia istilahi hii, na siku hizi inasikika hata huku kwetu kila suala la mahindi linapozuka. Ukiyasikia harakaharaka huoni tatizo. Lakini hebu yatazame polepole, mpenzi msomaji. Kilichomo ghalani ni nini? Ni korosho, ni mahindi, ni kahawa. Stakabadhi haimo humo. Stakabadhi anayo mkulima mkobani, au amemkabidhi mnunuzi, au imewekwa benki iwe dhamana ya mkopo. Sheria nzima ya hati hizi imejengwa juu ya wazo moja: mali hutulia, karatasi hutembea. Istilahi yetu imeichukua karatasi na kuifungia ndani pamoja na magunia.

Najua kuna watakaosema, “Profesa naye, amekosa la kusema!” Watanieleza kwamba istilahi hufupishwa, na kwamba ‘stakabadhi ghalani’ ni ufupisho wa ‘stakabadhi ya mazao yaliyohifadhiwa ghalani’. Sikatai. Hata hivyo, bodi inayosimamia mfumo huo nchini Tanzania inajiita Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, bila hicho kiambishi -ni cha mahali. Ina maana kwamba mfumo mmoja una majina mawili, na moja kati ya hayo mawili linapotosha. Nami leo nataka kuonyesha kwamba upotoshaji huo si wa herufi mbili tu. Umeenea katika takriban kila neno tunalolitumia kwa hati za kusafirisha na kuhifadhi mali, na anayeumia ni yule ambaye hana wakili wa kumfasiria.

Tuanze na msingi. Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, ikiwa sheria namba 10 ya mwaka huo. Kenya ilifuata mwaka 2019 kwa Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Maghala, namba 8 ya mwaka huo, iliyounda baraza la kusimamia mfumo na kuweka utaratibu wa kutoa leseni kwa wenye maghala. Kusudi la sheria zote mbili ni moja. Mkulima anavuna wakati ambapo kila mtu amevuna na bei imeanguka. Badala ya kuuza kwa hasara, anapeleka mazao kwenye ghala lenye leseni, yanapimwa uzani na unyevu, yanapewa daraja, naye anapewa hati. Kwa hati hiyo anaweza kusubiri bei ipande, kukopa, au kuuza mahindi bila kuyahamisha hata gunia moja.

Sasa, hati hiyo tuiite nini? Hapa ndipo Kiswahili cha Kenya na kile cha Tanzania vinapoachana njia panda. Mtanzania akisema ‘stakabadhi’, mara nyingi ana maana ya kile ambacho Mkenya hukiita risiti, yaani uthibitisho kwamba kitu kimepokelewa. Mkenya akisema ‘stakabadhi’ ana maana ya hati yoyote rasmi: stakabadhi za kusafiria, stakabadhi za masomo, stakabadhi ghushi. Kwa hiyo msomaji wa Eldoret anaposoma ‘stakabadhi za maghala’ anaweza kudhani ni makaratasi ya ghala lenyewe, labda leseni yake au hati ya kiwanja lilipojengwa. Wapo wanaoamua kusema ‘risiti ya ghala’ ili kuondoa utata huo. Lakini ‘risiti’ nayo ina kasoro. Risiti ya dukani inathibitisha jambo lililokwisha. Ukiitupa jalalani, sukari yako ingali nyumbani. Ukiitupa stakabadhi ya ghala umeitupa njia yako ya kuyafikia magunia.

Mimi naunga mkono ‘stakabadhi’, na sababu yangu imo katika shina la neno. Neno hili limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika, kutia mkononi. Ndio mzizi uliotupa ‘kukabidhi’. Anayepewa stakabadhi amekabidhiwa. Ameshika karatasi, na kwa kuishika amehesabiwa kuwa ameishika mali yenyewe, ijapokuwa mali hiyo iko kilomita mia moja kutoka aliko. Kiingereza hakina jina lenye kubeba maana hiyo waziwazi. Kiswahili kinalo, tena lilikuwapo kabla ya sheria hizi kutungwa. Tatizo letu ni kwamba tumelichakaza kwa kuliita kila karatasi yenye mhuri, kisha tunashangaa linapokosa nguvu pale tunapolihitaji.

Tukitoka ghalani twende bandarini. Pale Mombasa, mawakala wa forodha hawahangaiki na istilahi. Wao husema ‘BL’, na ukiwauliza BL ni nini watakujibu, “Ndiyo karatasi ya mzigo.” Katika maandishi utakutana na ‘hati ya shehena’, ‘hati ya upakizi’, na hata ‘bili ya shehena’. Hilo la mwisho tulitupe mara moja, kwa sababu bili kwa Mswahili ni deni linalodaiwa: bili ya stima, bili ya maji, bili ya hospitali. BL haidai mtu pesa. ‘Hati ya shehena’ ni afadhali, ila nalo ni neno jepesi. Hati, kwa asili, ni maandishi tu. Haituambii maandishi hayo yana kazi gani.

Nayo kazi yake si moja. Hati ya shehena hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, ni ushahidi kwamba meli imepokea mzigo wa kiasi fulani na katika hali fulani. Pili, ni ushahidi wa masharti ya mkataba wa usafirishaji. Tatu, ni ufunguo: anayeishika kihalali ndiye mwenye haki ya kudai mzigo bandarini. Kazi mbili za mwanzo zinaweza kufanywa na karatasi nyingi. Hiyo ya tatu ndiyo inayoitofautisha na makaratasi mengine yote, na ndiyo iliyopiganiwa mahakamani kwa muda mrefu.

Kesi mashuhuri zaidi ni ile ya Lickbarrow dhidi ya Mason, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1787. Wafanyabiashara wa Middelburg, Uholanzi, walipakia shehena iende Liverpool kwa niaba ya mnunuzi aliyekuwa Rotterdam, wakatia saini mgongoni mwa hati na kumpelekea. Mnunuzi huyo akazipitisha hati kwa Lickbarrow, ambaye alitoa fedha kwa kuziamini. Kisha mnunuzi akafilisika kabla ya kuwalipa wauzaji. Wauzaji wakakimbilia kuuzuia mzigo kupitia kwa Mason. Nani mwenye haki: muuzaji ambaye hajalipwa, au aliyeishika hati kwa nia njema na kuilipia? Mahakama ilimpa haki Lickbarrow. Rufani zilifuata, na mwaka 1794 baraza la wazee wa mahakama lililotokana na wafanyabiashara lilithibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi yao: hati ikitiwa saini mgongoni na kukabidhiwa, mali husafiri nayo.

Kanuni hiyo haikubaki Uingereza. Imo katika Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata kielelezo cha ile ya Uingereza ya 1893. Muuzaji ambaye hajalipwa anaruhusiwa kuzuia mali, lakini haki yake hiyo huvunjika endapo alimpa mnunuzi hati, naye mnunuzi akaipitisha kwa mwingine aliyeichukua kwa nia njema na kwa thamani. Mkulima anayeuza mahindi kwa stakabadhi anapaswa kuijua kanuni hii kabla ya kushika kalamu. Swali langu ni hili: ataijua kwa lugha gani?

Wafasiri wengine, wakitafuta namna ya kuieleza kazi ya tatu ya hati hizi, wamelikimbilia neno ‘hatimiliki’. Hapa pana hatari. Hatimiliki kwa Mkenya ni ile ya shamba, na anayo imani kubwa nayo: jina lako likiwemo, ardhi ni yako. Stakabadhi ya ghala na hati ya shehena hazisemi hivyo. Zinampa mshikaji haki ya kudai akabidhiwe mali. Swali la nani mmiliki hutegemea walivyokubaliana muuzaji na mnunuzi. Mkulima akiiweka stakabadhi benki ili akopeshwe, benki imeshika karatasi, lakini mahindi hayajawa ya benki; ni rehani. Ukimwambia mkulima huyo kwamba ameitoa ‘hatimiliki’ yake, ama utamtisha asikope kamwe, ama utamfanya aamini ameshapoteza mali ambayo bado ni yake. Yote mawili ni hasara.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Wanasheria wa Kiingereza wana kivumishi kimoja wanachokitumia kwa hati ambazo zinaweza kupita mkono hadi mkono pamoja na haki zake. Bahati mbaya ni kwamba kitenzi chake ndicho hichohicho wanachokitumia kwa watu wanaokaa mezani kujadiliana. Mfasiri asiye makini akishika kamusi, la kwanza kumkabili ni ‘kujadiliana’, na matokeo yake ni ‘hati inayojadilika’. Inajadilika na nani? Hati haina mdomo! Mfasiri makini huandika ‘hati inayohamishika’, na hili linaelekea kukubalika. Nami nalikataa kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba neno hilo tayari lina kazi nyingine katika sheria. ‘Mali isiyohamishika’ ni ardhi na majengo. ‘Mali inayohamishika’ ni gari, ng’ombe, magunia. Kwa hivyo ‘hati isiyohamishika’ itasikika kama hati ya nyumba. Sababu ya pili ni nzito zaidi. ‘Kuhamisha’ hakutofautishi mambo ambayo sheria imeyatenganisha kwa makusudi.

Chukua mfano. Tuseme mkulima wa Moiben ameweka magunia mia moja ghalani na kupewa stakabadhi. Katika hali ya kwanza, anaitia saini mgongoni na kumkabidhi dalali, naye dalali anamlipa kwa hundi. Kabla hundi haijarudi ikiwa haina pesa, dalali amekwisha kumuuzia msagaji stakabadhi hiyo, na msagaji amelipa vizuri bila kujua lolote. Mkulima aliitoa hati kwa hiari yake, kwa hiyo msagaji ndiye atakayepewa mahindi, na mkulima atabaki kumfukuza dalali mahakamani. Katika hali ya pili, mwizi anavunja nyumba ya mkulima, anaiba stakabadhi na kuigiza saini yake. Saini ya kughushi si saini. Msagaji, hata awe na nia njema kama ya malaika, hapati haki dhidi ya mkulima. Katika hali ya tatu, mwizi anaiba mahindi yenyewe kutoka shambani, anayapeleka ghalani kwa jina lake na kupewa stakabadhi safi kabisa. Stakabadhi hiyo, ipite mikono mingapi, haiwezi kumnyang’anya mkulima ambaye hakumpa mtu mali yake.

Matukio matatu, hukumu tofauti. Lakini magazeti yetu yakiyaripoti yatasema katika yote matatu kwamba “stakabadhi ilihamishwa”. Msomaji atajuaje ni wapi haki ilihama na ni wapi ni karatasi tu iliyohama?

Wamarekani wameliona jambo hili na kulitenga wazi. Ibara ya 7 ya Kanuni Sare ya Biashara yao inazishughulikia hati za usafirishaji na za ghala mahali pamoja, na inatofautisha ngazi mbili. Anayepewa hati bila kutimiza masharti yote anapata haki zilezile alizokuwa nazo aliyempa, basi. Anayeipata hati ya aina inayofaa kwa nia njema, kwa thamani, bila kuwa na habari ya dai la mwingine, na katika mwenendo wa kawaida wa biashara, anaweza kupata haki iliyo bora kuliko ya aliyempa. Uingereza haikufika mbali hivyo. Kule, anayepokea hati ya shehena kwa jumla hapati zaidi ya alichokuwa nacho mwenzake, isipokuwa katika mambo maalumu kama lile la Lickbarrow. Ndiyo kusema hata hicho kivumishi cha Kiingereza kinatumiwa kwa maana mbili katika nchi mbili. Kwa nini basi sisi tukinakili kama msahafu?

Pendekezo langu ni kwamba tugawe kazi kwa vitenzi ambavyo tayari tunavyo. ‘Kukabidhi’ kubaki kwa tendo la kutia karatasi mkononi mwa mwingine. ‘Kuhamisha haki’ kutumike pale mpokeaji anapopata alichokuwa nacho mtoaji na si zaidi. Kwa upitishaji ule kamili, wenye saini mgongoni, makabidhiano, thamani na nia njema, tutumie ‘kuhawilisha’. Neno hili lina undugu na hawala, ambayo wafanyabiashara wa pwani wameijua tangu zamani kuwa njia ya kupitisha deni au fedha kwa mtu wa tatu. Hati itakuwa ‘inayohawilishika’ au ‘isiyohawilishika’, na hapatakuwa na mgongano na shamba wala nyumba. Na kile kitendo cha kuandika nyuma ya hati tukiite ‘kutia saini mgongoni’. Tumezoea kusema ‘kuidhinisha’, lakini siku hizi kuidhinisha ni kazi ya wanasiasa majukwaani, na neno limekwisha kupoteza wino wake.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Wazungu ambayo Mswahili anayatazama kwa mbali. Katika karne ya kwanza ya Kiislamu, zama za Marwan bin al-Hakam, watu wa Madina walipewa vyeti vya chakula kilichokuwa katika bandari ya al-Jar, nao wakaanza kuviuza vyeti hivyo wao kwa wao kabla ya kukitia chakula mkononi. Masahaba walimwendea Marwan kulalamika, na vyeti vikakusanywa kutoka mikononi mwa watu. Hoja iliyokuwa mezani ndiyo ileile inayotukabili: je, kushika karatasi ni kushika mali? Wao walikataa, wakihofia watu kuuza wasichonacho. Wafanyabiashara wa Liverpool walikubali. Kila upande ulikuwa na sababu, na lugha ya upande wa kwanza imo ndani ya msamiati wetu hadi leo, katika hilo neno ‘kukabidhi’.

Hofu ya masahaba haikuwa ya bure. Mwaka 1963, kule New Jersey, Marekani, iligunduliwa kwamba stakabadhi za ghala za mafuta ya kula zilikuwa zimetolewa na kutumiwa kukopea mamilioni ya dola, ilhali matangi mengi yalikuwa yamejaa maji na utando wa mafuta juu yake. Karatasi ilikuwa safi; ghala ndilo lililokuwa tupu. Kwenye hati za shehena pia kuna maneno madogo ambayo msomaji huyapita: kwamba kontena lina bidhaa fulani ‘kwa kauli ya mpakiaji’. Maana yake ni kwamba mwenye meli hakufungua kuangalia, na hataki kuulizwa. Ukinunua hati yenye maneno hayo umenunua kauli ya mtu usiyemjua. Hilo nalo linastahili kuandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Nikumbushe pia yaliyotokea Liwale, mkoani Lindi, mwaka 2013. Wakulima wa korosho waliokuwa ndani ya mfumo wa stakabadhi ghalani walipandwa na hasira kuhusu malipo yao, fujo zikazuka na nyumba zikachomwa. Siwezi kudai kwamba lugha ndiyo iliyowasha moto huo; suala lilikuwa pesa. Lakini mfumo ambao mkulima anautoa mzigo wake, kisha anasubiri malipo ya awamu bila kuelewa karatasi aliyopewa ina nguvu gani, ni mfumo unaoomba kutoaminiwa. Pale, kwa kweli, stakabadhi ilikaa ghalani.

Kuna pingamizi moja ninalolitarajia. Wataalamu watasema kwamba biashara ya kimataifa huendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi za Kiswahili ni pambo. Nawajibu kwamba nahodha na benki ya London waendelee na Kiingereza chao. Stakabadhi ya ghala la Kitale haiendi London. Inatoka kwa mkulima kwenda kwa dalali, kwa msagaji, kwa meneja wa benki aliye mjini, na wote hao huzungumza Kiswahili wanapopatana bei. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Majirani zetu Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Sisi sheria yetu ya 2019 tumeiandika kwa Kiingereza, tukamwachia mkulima atie saini.

Ninachoomba si kikubwa. Nyuma ya kila stakabadhi, pale mahali pa kutia saini, paandikwe kwa Kiswahili sentensi mbili: “Ukitia saini hapa na kuikabidhi hati hii, unaweza kupoteza haki ya kuyadai mazao yako hata kama hujalipwa. Usitie saini kabla ya kuzithibitisha pesa zako.” CHAKITA, BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wakae na wanasheria, waafikiane juu ya istilahi chache: stakabadhi, kukabidhi, kuhamisha haki, kuhawilisha. Na jambo hili lisicheleweshwe, kwa sababu karatasi yenyewe inatoweka. Mwaka 2023 Uingereza ilipitisha sheria inayozitambua hati za biashara za kielektroniki, na huko tunakoelekea stakabadhi haitakuwa tena kitu cha kushika kwa vidole. Itakapofika hapo tutalazimika kusema ni nini kushika kitu kisichoshikika. Tusipokuwa tumeelewana juu ya karatasi, tutaelewana vipi juu ya simu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wetu daftari anapewa. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba anaweza kulisoma.